Semina Ambayo Mwenye Kazi Hasemi

Vijana wangu mlioachiwa funguo za ule ukumbi mdogo, hamjambo.

Mliniandikia kwenye simu mkauliza, "Mzee Gachoki, hizi semina za Jumatano ulikuwa unaziendesha aje? Watu hawaji, na wakija wanalala." Nilianza kuwajibu kwa kidole kimoja kwenye simu hiyo hiyo. Kidole kilichoka kabla sijamaliza salamu. Sasa nimeketi mezani na karatasi, mke wangu amezima redio kwa heshima, na nitawaambia kadiri ninavyokumbuka. Msitafute mpangilio. Miaka yangu ya kuwa mratibu wa utafiti pale chuoni haikai kwa foleni kichwani mwangu. Inatoka inavyotaka, kama mbuzi wakifunguliwa asubuhi.

Nianze na chai, kwa sababu hapo ndipo mnapoharibu. Msitoe chai kabla ya semina. Chai ikitangulia, watu wanakunywa, wanaulizana habari za ng'ombe na za watoto, halafu wanakwenda kukaa viti vya nyuma wakiwa na joto tumboni. Nimewahi kumsikia profesa mmoja wa idara ya biashara akikoroma kwa sauti ya kupanda na kushuka, mpaka mtoa mada akawa anangoja ashuke ndipo aseme sentensi yake. Chai ije mwisho. Na birika likae pale mbele ambapo kila mtu analiona likitoa mvuke. Huo mvuke ndio mwenyekiti wa kweli. Unawaharakisha watu wazima kuliko kengele.

Halafu ukumbi. Nasikia mnataka kuhamia ule mkubwa mpya wenye viti vya kukunja. Msihame. Watu wachache katika ukumbi mkubwa hujisikia wamekuja kumzika mtu asiyependwa. Ule mdogo una shida zake, najua. Mwezi wa Julai ukungu wa Nyeri huingia bila kubisha na kuchukua kiti cha mbele. Kuna siku ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba projekta ilionyesha picha hewani kabla hazijafika ukutani, na mtoa mada akawa anaonyesha michoro yake kwa kupapasa. Mke wangu anasema naongeza chumvi hapo. Naongeza kidogo tu. Lakini pale ndani goti la mtu linagusana na goti la mwenzake, na ni vigumu kusinzia ukiwa umeguswa goti na msajili wa chuo.

Hayo ni mambo ya viti. Mliloniuliza hasa ni lile jingine: kwa nini mwenye kazi hakuwa akiruhusiwa kusema. Hilo lina hadithi yake, na inaanzia mbali na chuo.

Mnajua mimi sikusoma mchana. Mchana nilifundisha shule ya msingi karibu na Kerugoya. Jioni nilikwenda darasani kama mwanafunzi. Shahada zangu zote ni za masomo ya jioni. Cheti changu ukikiweka juani kinafumba macho. Tulikuwa makarani, wauguzi, askari mmoja aliyekuja na kofia yake na kuiweka juu ya dawati kama mgeni wa pili. Wote tumechoka. Na nitawaambia faida ya uchovu huo, ambayo sijaiona darasa la mchana: mtu aliyeshinda kazini hana nguvu zilizobaki za kujifanya ameelewa. Akipotea anasema, "Mwalimu, hapo umeniacha," na maisha yanaendelea.

Mwalimu wetu wa uandishi wa utafiti aliitwa Mwalimu Halima. Alikuwa wa Nanyuki, kwa watu wanaofanya biashara ya ng'ombe na mbuzi, na alifundisha kama mtu anayejua kuangalia meno. Jioni moja aliniuliza, "Gachoki, umeisoma kazi ya Wairimu?"

"Nimeisoma, Mwalimu."

"Umeielewa?"

"Kabisa!"

"Basi simama mbele utuambie anasema nini. Na wewe Wairimu, ukifungua huo mdomo nitakutoa nje."

Nikasimama. Nilieleza kwa ufasaha wa ajabu. Kama kungekuwa na uchaguzi siku hiyo ningepita. Wairimu, ambaye alikuwa muuguzi mtulivu, alikaa akigeuka rangi. Nilipomaliza akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, hiyo si kazi yangu! Huyu ameniharibia!"

Mwalimu Halima wala hakupandisha sauti. "Hiyo ndiyo uliyoandika, binti yangu. Ile nyingine unayoilinda bado iko kichwani mwako, na hakuna mtu anayeweza kuisoma huko."

Baadaye alitueleza alikoitoa mbinu hiyo. Baba yake alikuwa akienda naye mnadani akiwa msichana mdogo. Pale mnadani, alisema, mwenye ng'ombe hasimami karibu na ng'ombe wake. Anampa dalali ashike kamba na kuzungumza, naye anakaa kando na fimbo yake kama mpita njia. Akiwa karibu, wanunuzi wanamwonea haya na kumsifia mnyama. Akiwa kando ndipo anasikia wakisema mguu wa nyuma unaburutika. Jioni anarudi nyumbani akiwa anajua kitu kuhusu ng'ombe wake ambacho majirani wamemficha mwaka mzima.

Niliibeba hiyo moyoni, na miaka mingi baadaye, nilipopewa ile ofisi ya mratibu yenye dirisha lisilofunga, nikaiona kazi yake.

Kwa maana nilikuta nini pale? Nilikuta semina za makofi. Chuo chetu ni kidogo, na mji wetu si mkubwa. Mtoa mada ni mkwe wa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mzee wa kanisa moja na muuliza swali. Na muuliza swali yuko chama kimoja na mke wa mtoa mada. Nani atamwambia nani kwamba hesabu haziingiani? Watu walisimama mmoja mmoja: "Kwanza nampongeza Daktari kwa kazi nzuri. Sina swali, nina nyongeza." Na hiyo nyongeza! Niliwahi kumsikiliza mzee mmoja ambaye alipoanza, mahindi ya nje yalikuwa machanga, na alipokaa tulikuwa tunayachoma.

Aliyekuwa akisema wazi ni mmoja tu, Mwalimu Barasa wa hesabu, aliyekuja kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana na akakataa kurudi. "Nyinyi watu wa mlima mnaogopana," alikuwa akituambia. "Hapa kweli ni semina ama mnapeleka mahari?"

Basi nikaweka utaratibu wa mnada. Mtu akiwa na kazi ya kuleta, anampa mwenzake wa idara nyingine aisome mapema. Siku ya semina, huyo msomaji ndiye anayesimama na kutueleza kazi inasema nini, kwa maneno yake, bila picha za ukutani. Mwenye kazi anakaa kando, pale dirishani. Haruhusiwi kusema, wala kutikisa kichwa, wala kuguna. Tukishaulizana wenyewe kwa wenyewe, mwisho kabisa anapewa nafasi aseme neno lake. Na hakuna pongezi. Mtu akianza na "kwanza nampongeza" namkata hapo hapo.

Siku za kwanza zilikuwa za kuchekesha. Mkuu mmoja wa idara hakuweza kuvumilia. Kwa kuwa kusema kumekatazwa, akawa anakohoa, na alikohoa kwa sentensi kamili, na koma zake. Mwingine aligeukia dirisha akatupa mgongo kama mtoto aliyenyimwa sukari. Lakini waliendelea kuja, kwa sababu, niambieni, ni wapi pengine katika dunia hii mtu mzima anapata kusikia kazi yake ikisomwa na mtu asiyemdai fadhila?

Aliyekataa kabisa kuleta kazi yake ni Profesa Kariithi, mwenyekiti wa kamati ya utafiti. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la sufu la rangi ya kahawa, na mwenye moyo mzuri kuliko alivyotaka ijulikane. "Hiyo minada yako, Gachoki," alikuwa akiniambia, "endelea nayo. Mimi nitakuja kununua. Kuuza, hapana."

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu mkakati wa utafiti, kwa sababu mtaandika mwingine karibuni na nawaonea huruma.

Mkakati wetu tuliuandikia hotelini, Nanyuki, tukiwa tumefungiwa ili tusikimbie. Mlima ulijificha kwenye mawingu muda wote, nadhani ulituonea aibu. Wazo lilikuwa jema kabisa: chuo kidogo hakiwezi kutafiti kila kitu, basi tuchague machache, tuyaite nguzo za mkakati. Tukaanza kuchagua. Idara ya kilimo ikataka nguzo yake. Idara ya biashara ikasema bila nguzo wao hawaondoki. Watu wa elimu wakalia. Mpaka jioni nyumba yetu ilikuwa nguzo tupu, haina paa wala mahali pa mtu kupita. Na kwa kuwa mtu fulani alikuwa amechukua mfano wa mkakati wa chuo kingine cha pwani, ukachapishwa wetu ukiwa na nguzo nzima ya rasilimali za bahari. Hakuna aliyeiona ila Barasa. Aliniuliza taratibu kama nyavu tutatupa kwenye Mto Chania.

Tuliucheka mkakati ule, tukautengeneza. Ila madhara yake makubwa hayakuwa ya kuchekesha, na yalichukua muda kuonekana. Nguzo ya kwanza ilikuwa na maneno mazuri: kupeleka maarifa kwa jamii. Nani angeyapinga? Lakini taratibu niliona kila kijana anayekuja na swali lake analikata kwanza lienee hapo, kama fundi anayekata kitambaa kufuata suruali ya mtu mwingine. Swali linaingia ofisini kwangu likiwa hai, linatoka likiwa limenyooshwa pasi.

Sasa niwaambie kuhusu Nyawira. Nyinyi wengine mnamjua. Nimemwomba ruhusa niandike haya, akacheka akasema, "Andika, Mzee, bora usiongeze chumvi." Nimejaribu.

Daktari Nyawira alikuja kwetu akiwa na shahada mpya na mkataba mfupi. Msichana wa Wamagana, wa hapa hapa Tetu. Mkataba ule ulikuwa na sharti: kabla ya muhula kwisha, awe na pendekezo la utafiti lililopitishwa kwenye semina, lililo chini ya nguzo mojawapo. Asipokuwa nalo, kazi inakwisha. Alikuwa na mtoto mdogo na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Hilo sote tulilijua.

Siku ya kwanza alipoingia ofisini kwangu nilimuuliza anataka kujua nini. Siku zote waulizeni hivyo. Msiwaulize wanatafiti nini, waulizeni wanataka kujua nini. Nyawira akasema:

"Mzee, mama yangu anaweza kuangalia mti wa kahawa akakwambia ni mwaka gani uliusahau. Majirani humwita awaonyeshe kukata matawi. Na yeye ndiye anaing'oa. Mstari baada ya mstari. Anapanda nyasi za ng'ombe na avokado. Sasa mimi najiuliza, mtu anayeijua kahawa hivyo, kwa nini anaing'oa?"

"Kwani hujamuuliza?"

"Nimemuuliza. Ananiambia, 'Si ni miti tu.'"

Nilihisi nywele za mkono zikisimama, na mnajua sina nyingi. Hilo lilikuwa swali.

Alipoleta pendekezo lake, lilikuwa limepigwa pasi. Lilikuwa na kichwa kirefu kuhusu kiwango cha uelewa wa wakulima wa kahawa juu ya utunzaji bora wa zao. Lilikuwa na maswali ya kuwapima wakulima, mbinu za kupima majibu, na mwishoni mafunzo ambayo chuo kingeyapeleka Wamagana. Safi. Profesa Kariithi alilisoma akafurahi sana; alimwambia linaingia nguzo ya kwanza bila kusukumwa. Msomaji aliyepangiwa alikuwa Barasa, na semina hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kamati ya ajira kukaa.

Ukumbi ulijaa. Ulikuwa msimu wa kahawa, Desemba iko karibu, na wengi walikuja kwa kumpenda. Walikuja kumpitisha. Nyawira akaketi dirishani, mikono ameikalia.

Barasa akasimama. "Mimi ni mtu wa hesabu," alianza. "Kahawa naijua ikishakuwa ndani ya kikombe."

Watu wakacheka.

"Na huko kwa kikombe unaijua vibaya," akasema mtu wa kilimo. "Wewe ni wa chai."

"Ndiyo, mimi ni wa chai, wacheni niseme. Huyu mwandishi anasema hivi. Watu wa Wamagana wanang'oa kahawa kwa sababu hawajui kuitunza. Hawajui kukata matawi, hawajui dawa, hawajui mbolea. Sasa yeye ataenda awaulize maswali, apime ujinga wao umefika wapi. Halafu chuo kiende kiwafundishe. Wakishafundishwa, hawatang'oa tena. Hivyo ndivyo nimeelewa."

Ukumbi ukachemka.

"Ati ujinga? Hilo neno haliko mahali!"

"Haliko," Barasa akasema. "Nimelitafuta. Lakini karatasi nzima imekaa juu yake. Hebu mnisaidie, mimi niko na shida moja tu. Kuna swali gani hapa ambalo mkulima akijibu, mwandishi atashangaa?"

Nawaambia kweli, hapo hata ukungu ulisimama mlangoni. Tulifungua kurasa. Mmoja akajaribu lile la mbolea, likamfia mdomoni. Mwingine akasema pengine swali la mwisho. Tukalisoma, nalo lilikuwa likiuliza kama mkulima angependa kufundishwa.

Profesa Kariithi akaona mambo yanakwenda vibaya akainua mkono wake mrefu. "Tusimsumbue binti. Kazi yoyote ina pa kutengeneza. Hii imekaa sawa na mkakati wetu, atarekebisha akiwa huko huko shambani. Mimi napendekeza ipite."

"Naunga mkono."

Mikono ikaenda juu, yote, na wa kwangu ulikuwa katikati ya njia nikakumbuka kwamba mratibu hapigi kura. Hata Barasa aliinua wake. Alikuwa amesema aliloliona, na hakutaka mtu akose kazi kwa sababu yake.

Kwa utaratibu wetu, mwenye kazi sasa angesema neno lake. Nikamwita. Nilijua atasema asante na tutakwenda kwenye chai.

Alisimama akashika ukingo wa dirisha. "Asante, Mwalimu Barasa. Umeisoma vizuri kuliko nilivyotaka." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mkulima wa kwanza nilipanga kumtembelea ni mama yangu. Nimekaa hapa nikijiona niko mbele yake na hii karatasi, namuuliza kama anajua kukata matawi. Mama yangu. Naomba isipitishwe."

"Nyawira, imeshapita," Profesa akasema kwa upole. "Keti."

"Prof, naomba niiondoe."

"Binti yangu, unajua mkataba wako unaisha lini?"

"Najua, Prof."

"Na unajua hakuna semina nyingine kabla ya kamati?"

"Najua." Alikuwa bado ameshika ukingo wa dirisha. "Hii si kitu nataka kujua. Nikiifanya nitapata majibu ambayo tayari ninayo, na nitakuwa nimemtukana mama yangu kwa muhuri wa chuo."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Barasa alinifuata kwenye veranda, kikombe mkononi, hajakigusa. "Mzee, nimemfukuzisha mtoto wa wenyewe kazi?" Na Profesa Kariithi alinipita akisema bila kusimama, "Gachoki, mnada wako umechinja ng'ombe wa mtu pale pale."

Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyokiri nyumbani. Kwa utaratibu wa zamani, Nyawira angesimama mwenyewe, angetuonyesha picha za ukutani, tungempigia makofi, na mkataba ungekuwa salama. Angekwenda Wamagana akapima alichotaka kupima. Ripoti ingekuwa nzuri. Na pengine miaka ya baadaye, akiwa na cheo na usalama, angelirudia lile swali lake hai. Pengine. Nimewaona wengi waliosema watayarudia yao. Sijui kama nilifanya haki kuweka utaratibu unaomfanya mtu asikie jambo kama hilo siku ambayo maisha yake yanategemea kutolisikia. Nyinyi mtakaoendelea nao mjue una makali. Msiutumie kwa mtu aliye peke yake. Hakikisheni mtu anamfuata nje. Siku ile nilichelewa. Nilipofika getini alikuwa ameshaondoka.

Kamati ya ajira ilikaa wiki iliyofuata. Mimi huingia kama mratibu, nasema nani ameleta nini, natoka. Naibu mkuu wa chuo, aliyekuwa akiongoza, akafika kwenye jina lake.

"Daktari Nyawira. Ana pendekezo lililopitishwa?"

"Hana," nikasema.

"Basi. Tuendelee."

"Lilikuwa limepita," akasema Profesa Kariithi.

Naibu akamtazama juu ya miwani. "Kwa hivyo analo?"

"Hana. Nililipitisha mimi, na mikono ilikuwa juu yote. Akasimama akaliondoa." Profesa aliegemea kiti, koti lake likikunjamana. "Mimi nimezaliwa kwenye kahawa, bwana mwenyekiti. Baba yangu aliing'oa pia. Nimesoma ile karatasi mara nyingi nikaona ni safi, kwa sababu imefuata mkakati ambao niliuandika mimi. Sasa silali vizuri. Mpeni muda."

"Sheria ni sheria, Prof. Leo huyu, kesho mwingine."

"Kesho akija mwingine wa kukataa lake mwenyewe, niiteni. Nitakuja kumwona. Sijapata kuona wa pili."

Walibishana mpaka mimi, niliyepaswa kuwa nimetoka, nikajifanya natafuta kalamu chini ya kiti. Mwishowe walimpa muhula mmoja. Muhula mmoja tu, bila ahadi, alete pendekezo jingine, na likikataliwa asirudi kuomba. Hilo lisichukuliwe kuwa ushindi mkubwa. Kwa mtu mwenye mtoto, muhula mmoja ni kama blanketi la kitanda cha mtoto juu ya mtu mzima. Na ile nguzo ya kwanza ilichukua muda mrefu zaidi kubadilishwa maneno. Hayo ni mabishano ambayo nikianza kuyaeleza mtazeeka.

Nilitoka mbio, kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kutoka mbio, nikasimama pale nje penye mawimbi ya simu, nikampigia.

Iliita sana. Akapokea akihema.

"Nyawira, ni Gachoki. Niko na habari kutoka kwa kamati."

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "ngoja kidogo tu, tafadhali. Usikate. Mama anaongea."

Simu akaiweka mahali, labda juu ya gunia, labda mfukoni mwa aproni. Nilisikia majani yakisuguana, na kahawa mbivu zikianguka ndani ya ndoo, chache chache. Walikuwa wakichuma mistari iliyobaki. Hakuwa na karatasi yoyote, aliniambia baadaye. Alikuwa amekwenda nyumbani akidhani hana kazi tena, akachukua ndoo kwa sababu mama yake alikuwa peke yake shambani.

Yule mama alikuwa akisema Kikuyu, polepole, kama mtu anayezungumza huku macho yako kwenye tawi.

"Kuchuma kunataka mikono, Nyawira. Huwezi kungoja kesho, ikiiva imeiva. Na mikono nilikuwa nayo hapa hapa, wewe na ndugu zako, mlikuwa mnajaza hii mistari kwa kelele mpaka jirani analalamika. Kahawa ikawalipia karo. Mkasoma, mkaenda, mmoja mmoja." Zikaanguka nyingine ndooni. "Kila mmoja wenu aliyeondoka, niling'oa mistari yake."

Nilisikia Nyawira akiacha kuchuma.

Naibu mkuu wa chuo alitoka akanikuta nimesimama pale na simu sikioni, akaniuliza kwa ishara kama nimeshamwambia. Nikamtikisia kichwa, nikajiwekea kidole mdomoni ili anyamaze.